Kabati na Trai ya Dakika ya Sabini na Nane

Marehemu, ambaye wengi wenu hapa mlimwita Mwalimu Mkuu na wachache mliobaki mlimwita Kabati, alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya nne ya mstari wa pili kwenye makazi ya wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba fundi mitambo na mama mshonaji. Inasemekana mkunga aliyempokea alimwinua, akamgeuza, akasema, "Huyu si mtoto, hili ni kabati." Mdogo wake wa mwisho, aliyeandika wasifu huu, amekuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne, na hadithi hiyo ana mashaka nayo, kwa sababu saa kama ile mkunga hana nafasi ya mzaha. Lakini jina lilishika, na mwili nao ukalifuata jina.

Mdogo huyo tangu utotoni ni mtu wa kuuliza. Kaka yake alizoea kumwambia, "Maswali yako wewe hayana likizo." Basi wasifu huu nao umeandikwa kwa kuuliza, na palipokosa jibu pamesemwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1956. Walimu walimkalisha nyuma kabisa, maana akikaa mbele darasa zima linatazama mgongo wake badala ya ubao. Mwaka 1964 aliingia sekondari ya bweni, na huko ndiko raga ilikompata. Mwalimu wa kemia alikuwa na wachezaji kumi na wanne na alihitaji kumi na tano. Akamwona kijana anavuka uwanja na dawati moja kila kwapa. "Unajua raga?" Akajibu, "Sijui, mwalimu." "Kusukuma je?" "Hiyo najua." Wiki hiyo hiyo alikuwa mstari wa mbele wa skramu, pale wanaume wanapogonganisha vichwa kama mbuzi na kusukumana, na hakutoka tena. Alimaliza chuo cha ualimu Novemba 1972, akaanza kufundisha hesabu Januari iliyofuata.

Timu ya taifa ilimwita Mei 1973. Alicheza mechi kumi na moja za kimataifa, na ya mwisho ndiyo iliyompa umaarufu: Jumamosi, tarehe 21 Agosti 1976. Wageni walikuwa wanaongoza kwa kumi na mbili dhidi ya kumi. Dakika ya sabini na nane rundo la watu liliporomoka juu ya mstari, na chini ya rundo, mpira mikononi, alikuwa Kabati. Mwamuzi alipuliza filimbi, trai, bao la pointi nne siku zile, ikakubaliwa, nchi ikashinda kwa pointi mbili. Walimbeba kutoka uwanjani hadi stendi ya mabasi, na si kazi ndogo hiyo, kwani alikuwa na kilo mia moja na tisa. Siku kumi baadaye alirudisha jezi. Alisema ni goti. Mdogo wake, aliyekuwa akimwona anapanda ngazi mbilimbili, alimuuliza ni goti lipi. Akaomba chai.

Ndoa yake nayo ilitokana na raga. Mwaka 1974 alifika zahanati na nyusi iliyopasuka, na muuguzi wa zamu alimwambia, "Ukitikisa kichwa nakushona na jicho." Hakutikisa. Jumatatu iliyofuata alirudi na nyusi ya pili. Jumatatu ya tatu alirudi mzima kabisa, na muuguzi akamuuliza anaumwa wapi. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975 na wakajaliwa watoto watatu. Wifi yetu anasema katika ndoa yote hiyo hakumsikia akiinua sauti ndani ya nyumba, isipokuwa siku alipojifungia bafuni kwa bahati mbaya.

Alikuwa Mwalimu Mkuu kuanzia Januari 1984 hadi alipostaafu Desemba 2009, katika shule ile ile moja. Mliosoma kwake mnaujua utaratibu. Kioo kikivunjwa, au mtihani ukiibwa, hakusimama mstarini kuuliza ni nani. Alitangaza tu kilichotokea, kisha akafungua mlango wa ofisi yake wazi kabisa, akakaa ndani akisahihisha madaftari hadi kengele ya mwisho. Aliyefanya angeingia mwenyewe, aseme, kisha wakae wapange namna ya kurekebisha. Hakuna fimbo. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye leo ni hakimu, alizunguka mlango ule mara tano kabla ya kuingia. Anakumbuka alichoambiwa: "Umefanya vizuri kuja leo. Kesho ingekuwa nzito zaidi, na keshokutwa usingeweza kuinyanyua." Watu walisema mwalimu huyu ana hekima. Mdogo wake alijiuliza hekima hiyo kaipata wapi, maana nyumbani kwetu tulilelewa kwa mwiko na kandambili.

Jambo la pili lililomshangaza lilikuwa picha. Bodi ya shule ilikuza picha ya gazeti ya ile trai, ikaiwekea fremu, ikamkabidhi aitundike ofisini. Aliitundika nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi, picha haionekani, na mlango ule ulikuwa wazi siku nzima. Mdogo wake alipouliza, aliambiwa ukuta mwingine una unyevu. Akaupapasa ukuta ule kwa kiganja, akaukuta mkavu kama mkate wa juzi.

Februari mwaka huu wa 2023 alianza kupungua. Tulimtania kwamba Kabati limekuwa stuli, na yeye alicheka kuliko sisi. Mwezi Aprili madaktari waliona saratani ya kongosho. Alipokea habari hiyo kwa utulivu na akauliza maswali machache, yote kuhusu siku zilizobaki. Mwezi Agosti, alasiri moja, akiwa amelazwa hospitalini, alimtuma mkewe nyumbani akapumzike, akabaki na mdogo wake.

"Mdogo wangu," alisema, "mbona siku hizi huniulizi kitu?"

"Nakuonea huruma, kaka."

"Usinionee. Niulize kuhusu ile trai."

Kwa wasioijua raga: trai ni mchezaji kuvuka mstari wa mwisho na kuugusisha mpira ardhini. Usipogusa ardhi, hata ukivuka na ukoo mzima mgongoni, si trai. Mdogo wake akamuuliza kama mpira uligusa.

"Haukugusa. Kulikuwa na mkono wa mtu chini yake. Nilivisikia vidole."

"Na mwamuzi?"

"Hakuona kitu, tulikuwa watu kumi juu ya watu kumi. Alinitazama mimi usoni kwanza, kisha ndiyo akapuliza. Ningetikisa kichwa tu, yakaisha."

"Kwa nini hukutikisa?"

"Watu walikuwa wameshaanza kuimba," alisema.

Mwenye mkono alikuwa mlinzi wa mwisho wa timu ya wageni. Siku ile alimkimbilia mwamuzi akipiga kelele kwamba mpira uko juu ya kiganja chake, akafukuzwa uwanjani kwa utovu wa adabu. Kwao magazeti yalimwita mwongo asiyekubali kushindwa. Hakuitwa tena timu ya taifa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kaka yetu aliyajua hayo yote, kwa kuwa aliyasoma, na kwa miaka arobaini na saba alianza barua nyingi asizozimaliza. Mdogo wake alilia, na hasira pia ilimpanda, yote mawili kwa pamoja, na alimwambia hivyo.

Kumtafuta mtu huyo kulichukua wiki tatu, kupitia kwa katibu mstaafu wa chama cha raga. Alipatikana nchini kwao, daktari wa mifugo aliyestaafu. Tarehe 18 Septemba simu ilipigwa, ikawekwa kwenye spika juu ya shuka.

"Ni mimi, yule wa mstari wa mbele," alisema kaka yetu. "Mkono wako ulikuwa chini ya mpira. Nilijua. Nisamehe."

Ng'ambo ya pili ikasikika sauti ya mtu anayevuta kiti.

"Mimi huniambii kitu," alisema yule mzee. "Mimi nilikuwepo. Waambie watu."

"Nitakufa kabla sijawaambia."

"Huyo dada yako aliyepiga simu, anajua kusoma?"

Kaka yetu alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Kisha akamgeukia mdogo wake akasema, "Umesikia." Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Haya hayakuingia katika programu hii kirahisi. Mwanawe wa kwanza, fundi umeme, alisema, "Shangazi, baba yangu azikwe na aibu? Huyo mzee ameshaambiwa, inatosha." Alisema kwa uchungu, na haki ya uchungu anayo. Shangazi mwenyewe alilifuta fungu hili mara mbili na kuliandika mara tatu, kwa sababu alimpenda kaka yake na alijua mtakavyoondoka hapa mkinong'ona. Aliyeamua ni mjane. "Mimi nimeambiwa," alisema, "na bado ni mume wangu. Wewe umeambiwa, na bado ni baba yako. Sasa waambiwe na wengine." Mwanawe hakusema ndiyo. Lakini jana ndiye aliyepeleka karatasi hizi kwa mpiga chapa, na hakufuta neno.

Basi sikilizeni nyote, ndugu, walimu, wanafunzi wa zamani, na wazee wa raga mliokuja na tai zenu za timu. Tarehe 21 Agosti 1976, dakika ya sabini na nane, mpira haukugusa ardhi. Trai ile haikuwa halali. Aliyesema hivyo uwanjani alisema kweli, akaitwa mwongo, na aliyejua ukweli alinyamaza. Haya ni maneno ya marehemu mwenyewe, na aliomba yasomwe mbele yake kabla hajafunikwa.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, dada wawili na kaka mmoja, pamoja na wanafunzi wa miaka thelathini na saba ambao hesabu yao yeye mwenyewe asingekubali ikadiriwe.

Kaka, watu wameambiwa. Pumzika sasa.