Niliomba Nipewe Mguu wa Mwanaume

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, na leo asifiwe hata na mguu huu wangu wa kulia, kwa sababu ndio ulionisimamisha hapa mbele yenu. Wengi mnanifahamu. Mimi ni Mama Ndeshi, mjane wa marehemu Felisi, na ile landrova ya kijani inayoshusha ndizi kutoka huku Kilema hadi soko la Himo ni yangu. Shemeji yangu Eliasi namwona ameketi pale karibu na mlango. Shemeji, usitoke! Nitakutaja, lakini nitakutaja kwa upendo.

Ndugu zangu, mume wangu alifariki miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, bei ya kahawa ilipoanguka na watu wakaanza kung'oa mibuni yao. Aliniachia watoto wanne, kihamba chetu cha migomba na mibuni, na gari lile kuukuu. Kuendesha alikuwa amenifundisha yeye mwenyewe, kwenye uwanja wa shule, huku akicheka mpaka machozi yanamtoka. Matanga yalipokwisha, mdogo wake Eliasi akaja kwa heshima zote kuomba funguo. Akasema, "Shemeji, mlima huu si wa mwanamke. Niachie gari, nami nitakuwa nakuletea chochote kitu kila wiki."

Nikakataa, kwa sababu gari lile ndilo lililokuwa linawasomesha watoto wangu. Akasema sawa, lakini siku litakaponishinda kulisimamisha, nimpelekee funguo mwenyewe. Nikajibu kwa hasira, "Nitakuletea!" Ndugu zangu, jihadharini na maneno ya hasira, maana yanakaa yakikusubiri.

Mwaka wa kwanza nilikwenda vizuri. Wa pili, breki zikaanza kuwa ngumu. Nakanyaga pedali, ni kama nimekanyaga jiwe. Gari linasimama, ndiyo, lakini limeshapita pale nilipotaka. Halafu kila nikikanyaga nasikia ssss, na injini inatetemeka kama inataka kuzima. Nikawauliza madereva pale stendi ya Himo. Wakacheka sana. Mmoja akaniambia, "Mama, breki haina neno. Huo ni mguu wa kike!"

Nami nikaamini! Hapo ndipo kosa langu lilipo, ndugu zangu. Sikuuliza mtu mwingine. Niliona aibu, na niliogopa kwamba nikilalamika, Eliasi atasikia.

Basi nikaanza kuutengeneza mguu. Mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori jioni. Nikapanda makorongo na mkungu wa ndizi kichwani. Nikavua kandambili, nikavaa buti za marehemu na kuzijaza matambara. Na nikasali novena, siku tisa kamili, nikiomba jambo moja tu: Bwana, nipe mguu wa mwanaume! Chekeni, hata mimi nacheka leo. Lakini siku zile nilikuwa nalia. Goti lilivimba, nikawa nashuka garini nikichechemea, na watu wakiniuliza nasema ni baridi yabisi.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya soko, na mvua ilikuwa imenyesha. Nyuma nimepakia mikungu na akina mama sita. Mama Manka, jirani yangu, alikaa mbele pamoja nami, kuku wake wawili wako mapajani. Tulipofika ule mteremko wa juu ya daraja, ng'ombe akatoka migombani, akasimama katikati ya barabara.

Nikakanyaga. Ngumu! Nikainuka kitini, nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Gari likapunguza mwendo kidogo tu, likaendelea kushuka. Mama Manka akaanza kumwita Mungu kwa Kichagga, "Ruwa! Ruwa!" Mimi sikusali, ndugu zangu, siwezi kusema uongo hapa. Nilisema, "Felisi, nimeshindwa." Kisha nikavuta hendibreki, nikashindilia gia namba moja ikalia vibaya, nikageuza usukani kwenye kingo ya udongo, pale penye ua wa masale kwenye mpaka wa kihamba cha watu. Tukakwaruza udongo, tukang'oa masale, tukasimama.

Hakuna aliyeumia! Hata ng'ombe aliendelea kutafuna. Mama Manka akashuka, akakung'uta manyoya ya kuku, akanishika mikono. "Mama Ndeshi," akasema, "nitapanda tena gari lako. Ila si leo." Nikacheka, halafu nikalia pale pale barabarani.

Nikamwita Eliasi, nikamkabidhi funguo. Nikamwambia, "Mguu wangu umeshindwa, shemeji." Hakunicheka, nampa haki yake. Akasema tulipeleke kwanza kwa Mzee Rajabu, fundi wa Himo, akanyooshe bampa. Akaendesha yeye, kwa gia nzito, polepole. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, lakini nilimwona jasho linamtiririka.

Tukamwamkia mzee shikamoo. Akauliza imekuwaje, nikamjibu kwamba nina mguu dhaifu. Mzee akanitazama. "Nani amekupima?" Akamwambia Eliasi akae kwenye usukani. "Injini imezimwa. Kanyaga breki mara nne, tano. Sasa usiondoe mguu, washa gari. Ikiwaka, pedali inatakiwa ishuke kidogo yenyewe."

Ikawaka. Ikasikika ssss.

"Imeshuka?"

"Haijashuka, mzee."

"Na huko mlimani ilikuwaje?"

Shemeji yangu akainamisha kichwa. "Ngumu, mzee. Nilidhani goti litavunjika."

Mzee akafungua boneti, akatuonyesha chombo cha duara mbele ya pedali. Akasema hiyo ndiyo busta, kazi yake ni kuusaidia mguu. Mpira wa ndani ulikuwa umechakaa na kupasuka, upepo unavuja. "Mama," akasema, "umekuwa ukisimamisha gari na mizigo yake peke yako. Huu mguu unaouita dhaifu, mimi sina."

Ndugu zangu, nililia kuliko nilivyolia kule barabarani. Mwaka mzima nimeuchukia mwili wangu kwa sababu ya kipande cha mpira!

Mzee alipata busta nzima kwenye gari lililokufa pale gereji, akaifunga, akaniambia nijaribu mwenyewe. Nikakanyaga, nikawasha. Pedali ikashuka taratibu chini ya mguu wangu, kama mtu amekuja kushika upande wa pili wa mzigo. Eliasi alikuwa amesimama dirishani. Akaniambia, "Shemeji, endesha. Nami nisamehe." Nimemsamehe.

Namshukuru Mungu aliyeninyima nilichokiomba. Mguu ni ule ule wa kike. Namshukuru pia kwa Mzee Rajabu, anayemwomba akielekea kibla. Na wewe ndugu yangu unayekanyaga kwa miguu miwili nyumbani kwako, ukimeza aibu na kujiita dhaifu, sema leo. Mwambie Mungu, kisha mwambie na mtu. Hukuumbwa uubebe mlima peke yako.

Tukimaliza sala nashuka Himo. Mama Manka ameshakaa mbele na kuku wake. Anayeamini, apande.