Mama Ngoja, Aliyekalia Mikono Yake

Wasifu huu umeandikwa na mjomba wa marehemu. Ukoo wetu una watu wenye shahada, wawili wako hapa wamevaa na miwani, lakini familia ilipokaa kuchagua wa kuandika ilimchagua mtu wa darasa la saba. Ndiye anayemjua, na ndiye asiyetetemeka mbele za watu. Mkikuta koma imekaa vibaya, isameheni. Habari zenyewe ni za kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1962, mtoto wa kwanza kati ya saba wa dada yangu, mshonaji, na shemeji yangu, mpaka rangi wa nyumba. Mama yake alikuwa na cherehani dirishani na watoto sakafuni, hivyo kuwavalisha wadogo ikawa kazi ya marehemu kabla hata yeye hajaanza shule. Aliwapanga kitandani kama viatu dukani, akawapitia: mkono huu, mkono ule, kifungo, kifungo, shuka, nenda. Nilikuwa kijana wakati huo, nakaa kwao, na asubuhi moja nilipochelewa kazini alinivalisha na mimi. Alikuwa na miaka tisa. Nilitoka nimependeza kuliko siku zote, na watu wa zamani watakumbuka kwamba siku zote nilipendeza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari na kumaliza mwaka 1980. Hesabu zake zilikuwa za kawaida, kama zangu. Lakini kwenye kushona, mwalimu aliigeuza nguo ndani nje akitafuta mkono wa mama mtu. Hakuuona.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika karakana ya kushona sare, akawekwa meza ya vifungo, karibu na dirisha la ua wa nyuma. Hapo ndipo alipokutana na fundi umeme aliyeitwa kutengeneza mashine moja, ambaye baadaye akawa anarudi kila wiki kuikagua mashine iliyokwisha kupona. Alipokuja kwetu kujitambulisha nilimuuliza, "Kijana, una nini?" Akajibu, "Nina bisibisi na nia njema, mjomba." Nikampitisha. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1984, wakabarikiwa mtoto wa kiume na wa kike.

Karakana ilifungwa mwaka 2003. Watoto walikuwa wamekua, na marehemu akasikia kuna shule ng'ambo ya watoto wenye ulemavu inayotafuta watu wa kujitolea kuwa wasaidizi wa mwalimu darasani. Kitanda na chakula wanakupa, mshahara hakuna. Mumewe aliridhia. Mimi nilikuwa na langu.

"Wenzako wanakwenda ng'ambo kutafuta, wewe unakwenda kutoa?"

"Mjomba, wewe umekaa hapa hapa miaka yote. Umetafuta ukapata nini?"

Nikainuka kumtafutia sanduku la safari. Aliondoka Januari 2004.

Nchi ile ilikuwa ya baridi kali. Mtoto hatoki uani kucheza bila koti, kofia na glavu. Darasa lake lilikuwa na watoto wachache, kila mmoja na mwili wake: huyu yuko kwenye kiti cha magurudumu, yule mikono haitulii, mwingine vidole vimekakamaa. Mpwa wangu akafanya alivyozoea: mkono huu, mkono ule, kifungo, kifungo, nenda. Darasa lake likawa la kwanza uani kila siku. Alitupigia simu kujisifu, na tabia hiyo alirithi upande wa mama. Ndipo mwalimu wa darasa, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, akamwita pembeni.

"Watoto wako wanawahi sana kutoka."

"Asante, mwalimu."

"Nani amevaa makoti?"

"Wote wamevaa, mwalimu."

"Hapana. Makoti yote umeyavaa wewe. Wao wamesimama tu."

Marehemu alikwenda kulia katikati ya makoti mabichi yaliyotundikwa kwenye korido. Kesho yake aliketi kwenye kiti kidogo mbele ya msichana wa miaka minane, yule wa vidole vilivyokakamaa, anayetembea kwa magongo, ambaye sisi tulizoea kumwita Binti wa Koti. Alipoona mikono yake mwenyewe haivumilii, inaruka kusaidia, aliisukuma chini ya mapaja na kuikalia. Alitusimulia mara nyingi kwamba karakana haikuwahi kumpa kazi ngumu kama ile. Kifungo kinafika kwenye tundu, kinatoroka. Wenzao wametoka, wamecheza, wamerudi na theluji kwenye viatu. Binti bado anahangaika na kile cha pili.

"Nisaidie."

"Ngoja, unafika."

"Wewe mbaya."

"Najua. Endelea."

Ilikuwa hivyo mpaka baridi inaanza kulegea. Siku Binti alipofunga koti zima peke yake, alikataa kulivua. Alikula nalo, akachora nalo, akapanda nalo gari la kwenda nyumbani. Marehemu alisema siku ile mikono yake ilikuwa imekufa ganzi chini ya mapaja, na haijapata kumpa raha kama hiyo.

Alirudi Desemba 2005 na kuendelea na kazi hiyo hiyo katika shule ya msingi ya karibu na nyumbani, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Watoto wa pale ndio waliompa jina la Mama Ngoja. Mzazi akiinama mlangoni kumfungia mwanawe kamba za viatu, sauti ilitoka ndani: "Ngoja!" Wapo wazazi waliomnunia. Leo nawaona hapa, pamoja na vijana wao waliofunga tai wenyewe.

Tarehe 11 Juni 2021 marehemu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakapotea. Hapo ukoo uliingia na mapenzi yake yote. Mdogo wake anayemfuatia, ambaye nyumbani tunamwita Komandoo, alishika kijiko. Binti yake akashika kitana. Mimi nilishika kikombe, kwa ustadi ambao bado unazungumzwa. Lakini kadiri tulivyomlisha ndivyo alivyogeuza uso ukutani. Akakonda mpaka pete ikamvuka. Mwezi Agosti daktari alituambia kwamba asipokula wiki ile atawekewa mrija puani, na hata huo mrija hautamfikisha mbali kama mwenyewe amekata tamaa. Mumewe, yule fundi umeme, alitoka kwenda kukagua soketi isiyokuwa na tatizo.

Jumapili yake Binti wa Koti akapiga simu ya video, mwanamke mzima sasa, kutoka kwao kule kule. Komandoo alikuwa ameshika simu mkono mmoja na kijiko mkono mwingine. Binti alitazama kidogo, kisha akauliza kwa Kiswahili alichofundishwa na marehemu:

"Nani huyo ana kijiko?"

"Mimi, mdogo wake."

"Kalia mikono."

"Unasemaje, mwanangu?"

"Wewe kalia mikono! Kijiko mpe yeye!"

Marehemu aligeuka kutoka ukutani.

Tulimwekea bakuli la supu mapajani na kijiko mkono wa kushoto, halafu tukakaa juu ya mikono yetu, ukoo mzima, kama darasa lililopewa adhabu. Kijiko cha kwanza kilifika mdomoni kitupu. Cha pili kilinywesha shuka. Komandoo akainuka na kitambaa afute, na hapo tukasikia neno la kwanza tangu Juni:

"Ngo... ja."

Fundi umeme alilia palepale, bila kutafuta soketi. Bakuli liliisha, nusu tumboni, nusu kitandani. Mrija haukuwekwa.

Tunamshukuru Mungu kwa miaka iliyofuata, kwa sababu marehemu aliiishi, hakuilalia. Alijilisha, alijichana, alijivalisha. Siku ya harusi ya binti yake tulichelewa sote tukisubiri vifungo vya mama wa bibi harusi, na mimi nilinung'unika kimoyomoyo tu. Tunamshukuru pia yule mwalimu mfupi wa ng'ambo, ambaye alimkemea kwa faida yetu sisi asiotujua. Tunamshukuru daktari, walimu wa ile stoo, na majirani waliofua yale mashuka.

Marehemu alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 6 Septemba 2024, kwa kiharusi cha pili. Mumewe alimkuta ameketi kitandani, ameegemea ukuta, amekwisha kuvaa gauni lake la bluu. Lilikuwa limefungwa mpaka juu, ila kifungo kimoja kiliingia kwenye tundu la jirani. Mumewe alinyoosha mkono akirekebishe, akaurudisha. Gauni ndilo hilo alilolivaa sasa, na kifungo kiko palepale alipokiweka mwenyewe.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake sita akiwemo Komandoo, mjomba mmoja ambaye hana mfano wake, na watoto wengi wa ile stoo. Ameacha pia Binti wa Koti, aliyesafiri kuja kumzika na ameketi mstari wa mbele na magongo yake.

Nikimaliza kusoma, Binti atainuka mwenyewe, atatembea mwenyewe mpaka kaburini na kuweka ua kwa mkono wake. Atachukua muda. Magongo yatazama kwenye udongo, na ua huenda likamponyoka. Nawajua watu wa ukoo huu: mtataka kukimbilia. Komandoo, sentensi hii nimeiandika tangu jana kwa sababu nakufahamu: kaa chini. Wenye viti, viganja chini ya mapaja. Mliosimama, mikono mifukoni.

Pumzika kwa amani, Mama Ngoja. Tumekaa, tunamngoja.