Daftari la Hapana

Hujambo popote ulipo, kama uko jikoni au uko kazini umeficha redio chini ya meza. Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamkumjua. Hakuwa mbunge. Hakuwa mwimbaji. Alikuwa mtunza karatasi. Jina lake Jamleck Kibe, mwenyeji wa Mutuini. Alifariki Jumanne iliyopita hospitalini, kule Upper Hill, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Jamleck Kibe, mtunza karatasi. Tunamzika kesho.

Karatasi zenyewe ni za meli. Najua unacheka. Meli Nairobi? Hata mimi nilicheka mara ya kwanza. Lakini iko hivi: Makumbusho ya Mabaharia yako Mombasa, ila maktaba yake ya utafiti iko hapa mjini, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Unyevu wa Pwani unaharibu karatasi, kwa hiyo zamani wakubwa waliamua zipandishwe bara. Ndiyo maana orodha za mabaharia, vitabu vya safari na ramani za bandari zimelala kwenye masanduku katikati ya Nairobi. Jamleck alizitunza kwa miaka thelathini. Asubuhi alikamua ng'ombe wake Mutuini, kisha akaja mjini kutunza meli.

Sheria zake zilijulikana. Unaosha mikono. Unaandika kwa penseli tu, maana wino ukidondoka haufutiki. Pramila, aliyekuwa mkubwa wake kazini hadi alipostaafu, aliniambia hivi: "Huyu mtu alikuwa mkali, bwana. Mimi boss yake, na bado alininyang'anya biro mbele ya wageni. Nikachukua penseli, kwa sababu alikuwa na haki."

Sasa sikilizeni vizuri, maana leo nimekuja kwa sababu ya daftari moja. Ni daftari la shule, jalada la buluu, kurasa mia mbili. Watu walikuja kwa Jamleck kutafuta jamaa zao waliokwenda baharini wasirudi. Akipata jina, alifurahi nao. Asipolipata, alisema hapana. Na kila aliposema hapana, aliandika kwenye daftari hilo jina la aliyeuliza, anakoishi na anayemtafuta. Masanduku mengine yalikuwa hayajafunguliwa, na yeye alisema hapana ya leo ni ya leo tu. Siku jina likijitokeza, alikwenda mwenyewe kumtafuta aliyeuliza. Akishamwambia, alipiga mstari kwa penseli. Alipiga mistari ishirini na tisa namna hiyo. Wenzake waliliita Daftari la Hapana.

Mwezi wa saba, mwaka 2003, aliingia mama mmoja anaitwa Nzembi. Alikuwa fundi wa nguo, mwenye kibanda pale Adams Arcade. Alimtafuta baba yake, Nzioka, aliyeajiriwa kutia makaa kwenye meli ya mizigo, Carrick Bay, mwaka 1955. Nzembi alikuwa mtoto wa mwaka mmoja. Baba hakurudi. Barua haikuja. Kijijini ikasemwa amepata mwanamke katika bandari za watu, na maneno hayo mama yake Nzembi aliishi nayo maisha yake yote. Pramila alikuwepo siku hiyo. Anakumbuka Nzembi alivyosema: "Mama amekufa akijua aliachwa. Mimi nataka tu kujua kama ni ukweli."

Jamleck akatoa orodha ya meli hiyo. Akafunua kurasa kumi na mbili. Kadi yake ya sanduku ilisema kumi na mbili, naye ndiye aliyezihesabu mwaka 1988. Akamwambia, "Hayumo, mama. Hakuna Nzioka." Ilimchukua dakika kumi.

Nzembi akashukuru, akaenda zake. Jina lake likaingia daftarini.

Miaka mitatu baadaye, wasikilizaji wapendwa, masanduku yalikuwa yakisafishwa. Jamleck akaishika orodha ileile karibu na dirisha. Ukurasa wa tisa akauona mzito. Akaupapasa. Zilikuwa kurasa mbili zilizogandana kwa unyevu tangu zikiwa Mombasa. Akazitenganisha pole pole, siku mbili nzima. Ndani alikuwemo Nzioka.

Pramila anasema Jamleck alikaa chini akashika kichwa. Akamwambia, "Unajua ile siku nilikuwa na haraka ya nini? Chapati na maharagwe. Ilikuwa karibu saa saba. Nilimjibu huyo mama nikiwa nawahi kula."

Akaenda Adams Arcade jioni hiyohiyo. Vibanda vilikuwa vimebomolewa zamani. Hakuna aliyejua mafundi walikohamia.

Hapo ndipo msako ulipoanza. Kila Jumamosi, kwa miaka mitatu, Jamleck alivaa koti, akatoka kwenda kuuliza mafundi wa nguo. Ngong Road yote, Kawangware, Dagoretti Corner, mpaka Karen. Sasa fikiria wewe ni mke, na mzee wako wa miaka hamsini na nane anaoga kila Jumamosi, anavaa koti, anatoka, na akiulizwa anasema ni kazi.

Nimekaa na mjane, Mama Jackie, jina lake Wangu. Alicheka na kulia kwa wakati mmoja. "Mimi nilijua ako na mwanamke. Majirani walikuwa wameniambia, huyo mzee anatafuta mwanamke. Nikamfuata. Nikamkuta kwa fundi Dagoretti Corner, ametoa kofia, anauliza, unamjua Nzembi? Nikamwambia, Baba Jackie, hata mimi nataka kumjua huyo Nzembi!"

Jamleck akamweleza yote palepale, mbele ya fundi na wateja wake. Kuanzia Jumamosi iliyofuata, walikwenda wawili.

Sasa nami niseme langu. Mwaka 2007 nilimhoji Jamleck kuhusu maktaba. Kipindi kilipokwisha akanisimulia habari ya Nzembi. Nikamwambia, mzee, hii ni redio, nipe dakika moja tu nimtangaze. Akakataa. Akasema, "Ile hapana nilimwambia kwa mdomo wangu, akiniangalia. Na hii pia nitamwambia kwa mdomo wangu." Nikaona ni ukaidi wa mzee, nikaachana naye. Laiti ningembishia kidogo. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Juzi Wangu alikuja hapa studio na daftari la buluu kwenye mfuko wa nailoni. Nikamkumbusha kwamba mzee hakutaka redio. Akaniangalia. Akasema, "Mdomo wake umenyamaza. Tumia wako."

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole. Pole kwako Wangu, Mama Jackie. Pole Jackie na wanao. Pole Pramila, na wote wa ghorofa ya tatu. Mazishi ni kesho saa nne, nyumbani Mutuini. Na sisi tuliobaki, wa kaunta, wa dirishani, wa simu za ofisini, hebu tujiulize ni mara ngapi tumemwambia mtu hakuna kwa sababu chakula kinapoa. Jamleck alikosea mara moja namna hiyo. Aliandika jina la mama yule, akamtafuta mpaka miguu ikakataa.

Dakika moja iliyobaki si yenu. Ni ya Nzembi, fundi wa nguo, zamani wa Adams Arcade. Unayemjua, mwite karibu na redio.

Mama Nzembi, jibu ulilopewa mwaka 2003 halikuwa sahihi. Baba yako yumo. Nakusomea kama ilivyoandikwa: Nzioka, mtia makaa, umri miaka ishirini na sita. Alifariki melini kwa homa, tarehe tisa Machi 1956, siku nne kabla ya kufika Mombasa. Alizikwa baharini. Vitu alivyoacha: mashati mawili, sufuria moja, gauni la mtoto, na leso za mwanamke, jozi moja, mpya, haijavaliwa.

Siku nne, Mama Nzembi. Alikuwa njiani kurudi kwenu. Mama yako hakuachwa.

Wangu yuko Mutuini na daftari. Amechonga penseli. Anasubiri uje, ndipo apige mstari.