Miche ya Mpaka Katika Shamba Langu

Sabato njema, ndugu zangu! Msifuni Bwana pamoja nami, maana huyu mnayemwona amesimama hapa alishagawanyiwa shamba lake akiwa hai!

Mimi ni Baba Kwamboka, mkulima wa ndizi na chai kidogo, hapa hapa Kiogoro. Mungu alinijalia mabinti wanne, mwana wa kiume sina. Miaka mingi mke wangu alinisihi niandike wosia, nami nikamkemea. Kwetu si tunasema anayeandika wosia anajiitia kifo? Nilijiona mtu wa imani. Kumbe woga mtupu!

Mwaka jana nimonia ikanilaza hospitalini wiki tatu. Niliporudi, nikishikwa mkono kama mtoto, nikakuta miche ya mikaratusi imepandwa mstari mzima, kama mpaka, katikati ya migomba yangu. Nikauliza nani kapanda. Mke wangu akainamisha kichwa. Kwamboka, binti yangu mkubwa, ndiye aliyesema, huku analia: "Ni baba mdogo. Alisema shamba la mtu asiye na mwana hurudi kwa ndugu zake. Sisi na mama tumeachiwa kipande cha hapo nyuma ya choo."

Ndugu zangu, nilikaa chini kwenye udongo nikalia. Ndugu yangu aliniumiza, ndiyo, lakini nani alimfungulia mlango? Mimi! Mimi niliyenyamaza.

Nikaomba, "Bwana, niongezee siku chache tu." Akaniongezea, jina lake litukuzwe! Nilipopata nguvu nikaenda kwa wakili mjini Kisii. Nikaandika: shamba na nyumba ni vya mke wangu, na baada yake vya mabinti wote sawasawa. Nikatia sahihi mbele ya mashahidi wawili, mzee wa kanisa na jirani, watu wasiorithi chochote kwangu.

Kisha nikamwita ndugu yangu, nikamsomea mwenyewe. Nilipomaliza akasema, "Kaka, ungesema mapema." Tukaing'oa miche ile pamoja, tusitazamane usoni.

Nimeandika, na sijafa! Yule roho wa woga ameondoka kwangu. Baba uliyeketi hapo, mwamini Mungu, kisha ushike kalamu. Mimi kwa miaka thelathini nilimwambia mke wangu nampenda, na bado alikuwa ameachiwa kipande cha nyuma ya choo.