Bi Sakafu wa Chumba cha Paka

Tarehe thelathini mwezi huu, mhudumu wa chumba cha paka katika hospitali yetu ya wanyama anastaafu baada ya kutumikia miaka ishirini na tisa na miezi minne. Kwenye faili ana majina matatu ya heshima. Sisi humwita Bi Sakafu, naye huitika. Mhariri wa jarida hili aliniomba mimi, daktari wa upasuaji niliyefanya naye kazi miaka ishirini na miwili, niandike maneno mazuri ya kumuaga. Nilikuwa nimeshajaza ukurasa mzima. Nimeuchana, kwa sababu ya mambo yaliyotokea alipokwenda likizo ya kumalizia utumishi, mambo ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nabaki mdomo wazi.

Alianza kazi kwa kufua mataulo. Siku hizo paka aliyetoka kupasuliwa alilazwa popote penye nafasi, mara nyingi jirani na mbwa, akizinduka anakutana na meno. Bi Sakafu aliomba apewe stoo ya mifagio, akapewa kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Aling'oa rafu zote, akatoa viti na meza, kwa maelezo kwamba paka hajui kuwa ana mshono, akiona pa kurukia ataruka. Alilaza maboksi kwa ubavu, akatandika blanketi, akaweka chupa ya maji ya moto ndani ya soksi nene. Beseni la choo alilikata ukingo mmoja ili mgonjwa asiinue miguu, na badala ya mchanga akachanachana karatasi, maana mchanga hunata kwenye kidonda. Kila mwenye paka aliagizwa alete nguo ya nyumbani ambayo haijafuliwa.

Kisha alikuwa akilala chini mwenyewe, shavu sakafuni, na kutazama chumba kama paka atakavyokitazama. Hapo ndipo jina lilipotoka. Mwaka wake wa pili mpokezi alimkuta katika hali hiyo, akadhani amezimia, akammwagia ndoo nzima ya maji. Bi Sakafu aliinuka amelowa chapachapa, akamshukuru, akaenda kutafuta blanketi jingine.

Matokeo yalionekana. Mishono ya paka wetu haikuwa ikifumuka. Madaktari wa hospitali nyingine walikuja kuuliza siri, nami, Mungu anisamehe, niliwaonyesha mikono yangu. Niliwaeleza jinsi ninavyokaza fundo. Bi Sakafu alikuwa akipita na mataulo yake, anatabasamu, anaendelea na safari.

Mwezi uliopita akaanza likizo. Nafasi yake ilishikwa na mama mmoja makini kutoka upande wa mbwa, aliyeachiwa maelekezo ya kurasa nne na kuyafuata neno kwa neno. Ndani ya siku tisa, paka watatu wakafumuka mshono. Nilibadilisha uzi. Nilibadilisha sindano. Nilianza kuitazama mikono yangu chini ya taa, nikijiuliza kama uzee umeniingilia.

Siku ya kumi fundi cherehani wa mtaa wa pili aliingia anahema, amembeba paka wake aitwaye Shemeji. Alimpa jina hilo kwa sababu paka huyo aliingia nyumbani kwake siku ileile aliyoolewa mkewe, akiwa kwenye kapu la bibi harusi, na tangu hapo hakuondoka. Mkewe alifariki mwaka jana. Sasa Shemeji alikuwa amemeza uzi wa cherehani, na uzi ukiingia tumboni mwa paka hukunja utumbo mithili ya kitambaa kilichovutwa vibaya. Fundi alirudia neno moja tu: "Uzi ni wangu, daktari. Uzi ni wangu."

Nilimpasua, nikautoa uzi wote, nikashona. Fundi aliukagua mshono kwa jicho la kazi, akasema hata yeye asingenyoosha hivyo. Nilivimba kichwa. Kesho yake saa nane mchana mshono ulikuwa umeachia kuanzia juu hadi chini, blanketi limelowa damu, na Shemeji amejibanza ukutani akipumua kwa shida. Nilimrudisha mezani, nikamshona upya. Nilipotoka nilimwambia fundi kwamba mnyama huyu hawezi kuvumilia mara ya tatu. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia.

Mpokezi, bila kuniomba ruhusa, akampigia simu Bi Sakafu.

Alikuja na kikapu cha sokoni mkononi. Alilala chini, akatazama. Akapima joto la chupa kwa mkono, akagusa blanketi, akahesabu maboksi. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Akainuka, akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena.

"Nani katengeneza mlango?" akauliza.

Nilijibu kwa fahari kwamba ni mimi. Mlango ule ulikuwa ukikwama miaka yote, yeye peke yake ndiye aliyejua namna ya kuunyanyua, na kila nilipouliza niliambiwa seremala yuko njiani. Alipoondoka nilimwita seremala, akachomoa kipande cha kadibodi kwenye bawaba, kazi ikaisha. Sasa niliweza kuingia kuwaona wagonjwa wangu hata mara saba kwa siku.

Bi Sakafu alivitazama viatu vyangu. Akaniomba niende mwisho wa korido, nihesabu mpaka mia, kisha nirudi kwa mwendo wangu wa kawaida na nichungulie tu kwenye upenyo wa mlango. Niliporudi, mama wa upande wa mbwa alikuwa amesimama pale upenyoni. Alininong'oneza kwamba Shemeji alikuwa amelala kabisa, mpaka viatu vyangu viliposikika. Nilichungulia. Alikuwa amesimama. Masikio yamelala, mgongo umepinda, anakwangua ukuta kwa kucha akitafuta pa kupandia, na Bi Sakafu amemkumbatia kwa mikono miwili ili asiruke.

 Waliofumuka wote, nilikuwa nimetoka kuwaangalia muda mfupi kabla. Kwangu, mimi ni daktari aliyewaokoa. Kwao ni viatu vile vile, harufu ile ile ya spiriti, na mtu yule yule aliyewachoma sindano kabla ya giza kuingia.

Kumbe kazi kubwa ya Bi Sakafu, kwa miaka ishirini na miwili, ilikuwa ni kunizuia mimi. Kadibodi aliiweka yeye. Chai iliyokuwa ikinisubiri kila nilipoelekea upande ule ilikuwa yake. Nilipolazimika kuona kidonda, aliniletea paka chumba kingine akiwa amefungwa taulo, kichwa kimefunikwa. Na simu za mke wangu, ambazo zilikuja saa kumi kamili kila siku ya upasuaji, nami nikajisifu kwa marafiki kwamba nimeoa mwanamke anayenikumbuka! Nilikwenda nyumbani kumuuliza. Alicheka mpaka akakaa chini. Simu hizo walizipanga yeye na Bi Sakafu kabla mtoto wetu wa kwanza hajazaliwa.

Kesho yake nilimuuliza Bi Sakafu kwa nini hakuniambia tu. Alijibu kwa upole kwamba aliniambia. Wiki yangu ya tatu kazini alinivuta pembeni ya mlango akaniomba nisiingie, paka wananiogopa. Nami, mbele ya mteja mmoja, nilimjibu kwamba mfua mataulo hamfundishi daktari kazi. Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau, ila hakununa wala hakushtaki. Alitafuta njia nyingine, akaendelea kuamka mapema kwa ajili ya wagonjwa wangu.

Alikatiza likizo yake siku kumi na mbili akakaa na Shemeji. Mimi sikuvuka korido. Juzi fundi alikuja kumchukua paka wake, kovu limekauka, akaondoka naye kifuani, anamsemesha njia nzima.

Bi Sakafu, hospitali nzima inakushukuru kwa paka elfu na kitu waliorudi kwao kwa miguu yao. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na asubuhi zisizo na haraka. Mimi nina neno moja zaidi. Siku ile nilikudharau mbele ya mtu mmoja. Leo nasema mbele ya wasomaji wote wa jarida hili: wewe ulikuwa sahihi, mimi nilikosea, na ninaomba unisamehe.