Ezra Irofanua, Aliyepima Njia ya Zahanati Mara Mbili

Marehemu Ezra Irofanua alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 huko Malu'u, kaskazini mwa kisiwa cha Malaita, mtoto wa pili wa Mzee Maelaua na Mama Kaofai. Walizaliwa watano. Leo amebaki mmoja, dada yake Merilini, anayesoma karatasi hii, na ataisoma kwa ufupi maana jua ni kali na wazee wamesimama.

Alisoma shule ya misheni ya Malu'u kuanzia 1968 hadi 1974. Hesabu alizipenda kupita kiasi. Alihesabu hatua kutoka nyumbani hadi kijitoni, na dada yake akikosea idadi, alimrudisha waanze upya, ndoo ikiwa imejaa. Hilo hakuwahi kuliombea radhi.

Mwaka 1980 alipanda meli kuja Honiara, akajenga hapa Ferafaolu, juu ya kilima. Mwaka 1983 aliajiriwa na wapimaji wa ardhi. Alianza kwa kufyeka na kubeba nguzo, kisha akapewa gurudumu la kupimia, lile linalosukumwa kwa mpini huku likihesabu mita. Alilisukuma miaka thelathini na moja.

Tarehe 14 Novemba 1987 alimwoa Rosina Ngwaekona wa Lau. Walijaliwa watoto watatu. Waligombana kuhusu popoo za tambuu, maana Rosina alitafuna na Ezra alichukia madoa yake mekundu, lakini hawakuwahi kulala bila kusemezana.

Mwaka 2011 ofisi ilitaka kujua nani hapa mjini anakaa mbali na zahanati. Penye mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa miguu, ramani ingepakwa nyekundu, na huko ndiko zahanati mpya ingejengwa. Penye chini ya hapo, kijani. Ezra alipewa mtaa wake mwenyewe. Akasukuma gurudumu kwa njia ya mkato: mita 870, dakika kumi na tisa. Tukapakwa kijani.

Njia ile hukatiza makaburi ya wazee wa kiume. Mwanamke hapiti pale, awe na mimba, awe na mtoto mwenye degedege. Ezra alilijua hilo tangu ananyonya. Ila mwanamume hupita kila siku, na mwiko usiokuzuia huuoni.

Mama Nesta, muuza popoo, alimwuliza mbele za watu, "Baba, umepima kwa miguu ya nani?"

"Kwa gurudumu, shangazi. Gurudumu halidanganyi."

"Basi siku ya uchungu tutalituma gurudumu likajifungue."

Ezra alicheka. Sote tulicheka.

Tarehe 17 Agosti 2013, baada ya chai ya asubuhi, Rosina alianza kutokwa na damu nyingi. Teksi hazipandi kilima chetu. Ezra alitangulia kwa mkato kumwita nesi, naye Merilini akamshika wifi yake mkono, wakashika njia ya kuzunguka bondeni hadi daraja la miguu. Walipofika penye njia panda Merilini alimwambia wakate tu katikati ya makaburi, Mungu ataelewa.

"Mungu ataelewa, wifi," Rosina alisema. "Mama mkwe je, naye ataelewa?"

Wakazunguka. Ezra alifika zahanati kwa dakika kumi na mbili. Kitanda kikatandikwa, nesi akasimama mlangoni, na Ezra akasimama naye akitazama saa. Wakasubiri. Rosina alikata roho darajani, mikononi mwa wifi yake.

Baada ya matanga Ezra alilichukua tena gurudumu. Wiki nne alitembea nyuma ya wanawake, wenye mimba na wenye watoto mgongoni, akipumzika walipopumzika. Ilitoka mita 3,140, dakika themanini na moja. Ofisini mkubwa wake alimwambia, "Bwana Ezra, vipimo vya kwanza ni vyako na sahihi ni yako. Ukitaka vifutwe, andika kwa mkono wako kwamba ulikosea, tuweke kwenye faili." Ulikuwa mwaka wake wa mwisho kazini. Aliandika: "Nilipima njia yangu. Sikupima njia ya wake zetu." Mwaka 2016 mtaa ulipakwa nyekundu. Rangi ipo. Zahanati haipo. Wenye ofisi mliokuja kutupa pole, asanteni, na hilo nalo mmelisikia.

Sukari ilimshika mwaka 2019, na mwaka 2021 alikatwa mguu wa kushoto. Mara mbili kwa wiki mwanawe Foster alimbeba mgongoni kwa mkato kwenda kusafishwa kidonda. Ezra mwenyewe alisema miaka ile miwili aliiishi kwa kuwa ni mwanamume. Dada yake ana sukari hiyo hiyo, na yeye huzunguka.

Mei mwaka huu Mzee Taloifiri alikuja kumwambia kwamba ametengewa nafasi pale kwa wazee.

"Asante, mzee. Sitaki."

"Ile ni heshima, kijana."

"Heshima yangu itasogeza mpaka wa mwiko, iwafungie wanawake hatua sita zaidi. Nimeshazipima."

Mzee aliimaliza chai yake. Kisha alisema, "Basi utalala na nani?" Ezra alisema, "Na mke wangu."

Aliaga dunia nyumbani kwake tarehe 2 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na miwili. Ameacha watoto watatu, Foster, Jezreli na Lovelini, wajukuu saba, na dada mmoja.

Wanaume, mkishamaliza kufukia, sogeeni. Binti yake na dada yake watakuja kaburini kwa miguu yao, na hapa, kando ya Rosina, hakuna wa kuwazuia. Mungu ampokee Ezra, ampe pumziko.