Mashine Mbovu ya Chumba Namba Sita

Bi Mwanatumu Tsuma anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kukitumikia Kituo cha Afya cha Visimani, Mtongwe, kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja muuguzi, anaondoka mshauri nasaha. Kamati ya sherehe imemtwika dereva wa ambulensi kazi ya kuandika wasifu huu, eti kwa kuwa wenye mwandiko mzuri wako zamu na yeye hushinda kivulini. Haya, tumekubali.

Miaka tisa ya kwanza alidunga watoto chanjo. Wengi wao sasa wana ndevu, na hadi leo wakikutana naye sokoni hujishika paja bila kujijua. Mwaka 2003 alipelekwa kusomea ushauri nasaha, akarudi na cheti, akapewa chumba namba sita, na mlangoni pakabandikwa kibao kikubwa cha USHAURI NASAHA. Sasa mlango ule unatazamana na benchi la kina mama wa kliniki, na habari ikitoka kwenye benchi lile hufika mtaa wa pili, Shika Adabu, kabla mwenyewe hajavaa viatu. Wanawake waliingia bila taabu. Wanaume je? Miezi mitatu mizima aliingia mmoja, naye alikuwa akitafuta choo.

Bi Mwanatumu hakulalamika. Alikibandua kibao, akaandika kwa mkono wake PRESHA, WANAUME, kisha akaweka mezani mashine ya zamani, ile ya kupampu. Presha haina aibu, ni maradhi ya watu wazima wenye majukumu. Wiki ile ile wanaume walijaa, mikono ya kanzu na mashati imekunjwa tayari. Na mtu akishafungwa ule ukanda mkononi hawezi kuinuka akaenda zake. Hapo ndipo alipowapatia. Alipampu polepole, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za usingizi, akauliza na lile lililotokea mwaka ule ambalo halitajwi. Aliyehitaji kipimo cha kweli alipelekwa chumba namba nne, dakika mbili amemaliza. Cha Bi Mwanatumu kilichukua dakika hamsini, na wazee wazima walitoka macho yamevimba wakiliambia benchi kwamba ilikuwa juu kidogo lakini imeshuka, alhamdulillahi.

Mashine ilikufa mwaka 2011. Mpira ulipasuka, mshale ukakwama kwenye sufuri, na hakuna aliyeuliza. Mzee mmoja aliyekuja kila Jumanne kwa miaka miwili huapa wallahi kwamba hajapata kupimwa vizuri kama pale.

Mwaka 2019 tuliletewa mkuu mpya, Sista Nafula, mchapakazi asiyependa kitu kibovu. Alikagua vifaa vyote, akaikuta maiti mezani, akaitupa stoo. Badala yake akaleta mashine mpya inayojipampu yenyewe, inalia pii, inatoa namba kwa nusu dakika. Maskini, alitaka mema. Wanaume wakawa wanaingia, pii, wanatoka. Mwezi mzima Bi Mwanatumu alipima watu sitini na hakusikia neno la maana hata moja. Ndiyo mara pekee tuliyomwona ameacha kula kashata zake za kila siku.

Wakati huo huo palikuwa na dereva wa ambulensi ambaye jina lake tunalihifadhi, kwa mujibu wa kanuni za chumba namba sita. Kituo kina dereva mmoja tu, lakini kanuni ni kanuni. Dereva huyo alimbeba msichana aliyegongwa na lori kwenye barabara ya Lunga Lunga, akakimbia naye king'ora kikilia njia nzima, na walipofika kivukoni msichana alikuwa ameshafariki. Tangu siku hiyo akikiwasha king'ora mikono hulowa jasho na barabara haioni. Basi akatangaza kwamba king'ora kimekufa. Mwaka mzima alipeleka wagonjwa kwa honi na kelele, kichwa nje ya dirisha kama utingo, na watu wakacheka wakidhani ni mizaha yake. Sista Nafula akalipeleka gari kwa fundi, fundi akakikuta king'ora kizima. Dereva akapewa wiki moja ajieleze. Kazi ilikuwa inamtoka, na aliyemwogopesha zaidi ni mgonjwa wa pili atakayefia nyuma yake kwa sababu magari hayakupisha.

Asubuhi moja akaenda kupima presha. Mashine ikalia pii: mia na ishirini kwa themanini, mzima kama mbuzi wa Idi. Akainuka. Bi Mwanatumu akaushika ukanda.

"Keti, baba," alimwambia. "Mashine imemaliza. Mimi bado sijaanza."

Akaketi. Akalia, tena kwa sauti, na benchi lote likasikia. Bi Mwanatumu alimweleza kwamba ajali ile ilikwisha siku ile ile, ila masikio yake hayajaambiwa, na kazi yao itakuwa kuyaambia, taratibu, mpaka yaamini. Wiki ya kujieleza ilipokwisha, Bi Mwanatumu alimwombea muda bila kutaja sababu. Walianza kwa kukaa kwenye ambulensi iliyozimwa, nyayo zimekanyaga sakafu, dereva akitaja vitu vitano anavyoviona. Mwezi wa tatu wakawasha king'ora kwa kuhesabu moja. Mbuzi wa jirani wakavunja ua, kina mama wakakumbatia watoto, na Bi Mwanatumu katulia kiti cha mbele na buibui lake, anatafuna kashata. Wakaenda mbili, wakaenda tano. Mwezi wa nane dereva alikipiga kutoka Mtongwe hadi kivukoni, na mgonjwa akafika hai.

Sista Nafula, kwa sababu ya mbuzi, alikwenda chumba namba sita kutaka maelezo. Alikaa dakika hamsini. Kesho yake mashine mbovu ilikuwa imerudi mezani, na kwenye daftari la vifaa ameandika mwenyewe: Inafanya kazi.

Kamati imemnunulia Bi Mwanatumu saa ya ukutani, nzuri sana. Lakini yeye aliniambia kinachomkosesha raha. Anahofia kwamba akiondoka wanaume wataondoka naye, na Sufyan, mshauri anayepokea kazi yake, atabaki na mashine tu. Angependa, kabla hajatoka getini, amwone mwanamume mmoja akiingia chumba kile bila kukunja mkono wa shati.

Bi Mwanatumu, dereva yule ni mimi. Presha sina wala sijapata kuwa nayo, na siku nyingine mikono bado hulowa jasho. Ijumaa sherehe ni saa nne. Saa tatu nina miadi na Sufyan, nitavaa shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa, na benchi likiniuliza nimefuata nini nitalijibu kwa sauti. Wewe njoo ukae karibu na mlango uone. Asante kwa kuushika ukanda ule. Mungu akupe umri mrefu na usingizi mzito, na kashata zisikwishe nyumbani kwako.

Kadenge Nzai, dereva.